Shilingi ya Serikali na Shilingi ya Mtaa

*Ruzuku ndogo zinazopelekwa shuleni zimekusudiwa kumfaa mwanafunzi. Walakini nani azilinde, nani aziongeze, na mtaa usio na kitu utoe nini?*

Katika ukuta wa nje wa ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye shule moja ya msingi iliyoko pembezoni mwa mji wa Tanga, pale ambapo chokaa imebabuka kwa chumvi ya upepo wa baharini, pamebandikwa karatasi yenye safu mbili za tarakimu: ya kwanza ni ya fedha zilizopokewa kutoka serikalini, na ya pili ni ya fedha zilizotumika. Shule ina wanafunzi wapatao 600. Ruzuku inayoifikia, ikija kamili, ni shilingi 6,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, yaani shilingi 3,600,000, ambazo ukizigawanya kwa miezi kumi na miwili utapata laki tatu kwa mwezi.

Katika laki tatu hizo hutoka chaki, karatasi za mitihani, wino wa kudurufia, mipira ya michezo, bawaba za milango na kodi ya maji. Kisha hubaki kiasi ambacho mtu huona haya kukitaja mbele ya wageni.

Jumamosi niliyofika hapo palikuwa na mkutano wa wazazi. Madawati yalikuwa yametolewa nje na kupangwa barazani, mwenyekiti wa kamati ya shule ameketi katikati, mtendaji wa mtaa kuumeni kwake akiwa na daftari lililofungwa kwa mpira, na mwalimu mkuu kushotoni. Shauri lililokuwa mbele yao lilikuwa la vyoo. Kanuni ya wizara yataka tundu moja kwa kila wasichana 20 na tundu moja kwa kila wavulana 25. Hapo wasichana ni zaidi ya 300, na matundu yao ni sita.

Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, aliyevaa kofia ya viua iliyofuliwa hata ikawa laini kama leso, aliuliza ikiwa serikali imekwisha kutamka kwamba elimu haina ada, mchango wa choo watoka katika kifungu gani. Mama mmoja mkaanga mihogo hakupinga mchango. Alichotaka ni kuambiwa kwanza fedha za mlinzi walizochanga mwaka juzi zilikwenda wapi, kwa kuwa mlinzi mwenyewe aliondoka akilalamika kwamba hakulipwa. Mwalimu mkuu, ambaye alihamia shuleni baada ya mambo hayo, alijibu kwa adabu kwamba yeye haruhusiwi kushika fedha za wazazi, na kwamba hata angeruhusiwa asingependa.

Mhariri wa gazeti hili alikuwa amenituma kuchunguza jambo ambalo kwa maandishi laonekana dogo: iwapo ruzuku zinazotolewa ili shule na mtaa wake washirikiane katika kumlea mwanafunzi zinaleta ushirikiano huo kweli, au zinaleta fedha tu. Maswali ya wazee wale wawili yalinionyesha mahali pa kuanzia.

Mchango ulitangulia ruzuku

Si haki kudhani kwamba ushirika wa shule na mtaa katika pwani yetu uliletwa na waraka. Kabla ya kuwako idara yoyote ya elimu, vyuo vya Kurani vilivyotapakaa toka Lamu hadi Kilwa vilisimama kwa nguvu za watu wa mtaa, huyu akitoa ukumbi wa nyumba yake, yule akileta mafuta ya taa, wazazi wakimpa mwalimu kidogo walichojaaliwa kila Alhamisi, na wenye uwezo wakiweka wakfu nyumba au shamba la minazi ili mapato yake yaendelee kuwafaa walio hai hata baada ya wao wenyewe kufa.

Serikali ya Waingereza ilipoanza kutoa ruzuku za elimu huko Tanganyika katika miaka ya 1920, ilizitoa kwa shule zilizokubali mitaala yake na ukaguzi wake. Shule nyingi za misheni zilikubali, zikasaidiwa. Chuo cha mtaa, ambacho hakikufundisha masomo yaliyotakiwa wala hakikuwa na mwalimu mwenye cheti, hakikupata kitu. Tangu hapo watu wa pwani walijifunza kwamba fedha ya serikali haiji peke yake, bali huja na sharti, na kwamba asiyeweza kulitimiza sharti huachwa nyuma hata kama ndiye aliyekuwa mhitaji zaidi. Naliweka neno hili mapema, maana litarejea.

Mwaka 1945, mjini Mombasa, iliundwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na Aga Khan wa tatu, Sultan Mohamed Shah, akatoa ahadi ambayo wazee wengi waliikumbuka kwa maisha yao yote: kwa kila shilingi ambayo Waislamu wa mahali fulani wataichanga kwa ajili ya shule au msikiti, yeye ataongeza shilingi nyingine. Miaka kumi baadaye, mwaka 1955, wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika waliunda chama chao, TAPA, kikafungua shule kwa ajili ya watoto ambao serikali haikuwa na nafasi nao.

Baada ya Uhuru mkono wa serikali ulirefuka. Mwalimu Julius Nyerere aliandika mwaka 1967 kuhusu elimu ya kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya jamii iliyoizunguka, ilime na izalishe pamoja nayo. Na Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, ambayo ilitarajiwa kufikiwa mwaka 1977. Madarasa mengi ya wakati ule yalijengwa na wanakijiji wenyewe kwa tofali walizofyatua, na si machache kati yake yangali yakitumika.

Kima kisichokua

Ruzuku ya kila mwanafunzi, kwa sura tunayoijua leo, ilizaliwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, uliotekelezwa toka mwaka 2002 hadi 2006 baada ya ada za shule za msingi kufutwa. Kima chake kiliwekwa dola kumi za Marekani, ambazo kwa fedha za wakati ule zilikuwa karibu sawa na shilingi 10,000. Kamati za shule zilitakiwa zifungue akaunti benki, zipange matumizi na zibandike hesabu mahali pa wazi, na hapo ndipo ilipoanza karatasi ile ya ukutani.

Ilipofika Januari 2016, serikali ya Rais John Magufuli ilianza kutekeleza elimu bila ada hadi kidato cha nne, na ruzuku ikaanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Kima kilichotangazwa kwa shule za msingi kilikuwa kile kile: shilingi 10,000, ambapo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huishukia shule. Kwa sekondari ni 25,000, na nusu yake ndiyo ifikayo shuleni. Mnamo mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliongeza kidato cha tano na cha sita katika msamaha wa ada.

> Shilingi 10,000 iliyokuwa dola kumi mwanzoni mwa karne, leo haifiki hata dola tano.

Bei ya unga, ya saruji na ya karatasi haikungoja. Kwa hiyo kila mwaka upitao ruzuku hununua kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na pengo linalobaki hujazwa na mtu fulani. Ikiwa si serikali, basi ni mzazi, na ikiwa si mzazi, ni mtoto mwenyewe, kwa kusoma akiwa na njaa au kwa kuvumilia foleni ya choo hata kipindi kikampita.

Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulijaribu kuonyesha mipaka: sare, madaftari, chakula cha mchana na matibabu ya mtoto ni juu ya mzazi, michango ya jamii iwe ya hiari, wala mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Hata hivyo neno "bila ada" lilikwisha kuingia masikioni mwa watu kama "bure", na katika mitaa mingi wazazi waliacha hata kile walichokuwa wakikitoa kwa ridhaa zao. Kisha mwezi Januari 2018, kufuatia malalamiko ya walala hoi waliokuwa wakitozwa michango isiyo na mwisho, Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kushika michango, akaagiza kwamba mwenye kutaka kuchangia ampelekee mkurugenzi wa halmashauri.

Agizo lile liliwaondolea fakiri adha kubwa, na mwandishi huyu hawezi kulibeza. Walakini lilikata pia uzi mwembamba: mama wa mihogo yuko radhi kutoa shilingi 2,000 kwa choo atakachokiona kikijengwa na atakachokitumia mwanawe; lakini kupanda daladala hadi ofisi ya mkurugenzi na kuiacha hapo, hilo ni jambo jingine kabisa.

Walipopewa fedha tupu

Wapo wasemao kwamba mashauri yote haya yangekwisha kama serikali ingeongeza ruzuku. Hoja yao ina nguvu, maana mtu hafundishi bila chaki. Lakini iko burhani, tena ya nyumbani, inayotulazimisha kutua na kufikiri.

Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza pamoja na watafiti wa vyuo vikuu walifanya jaribio kubwa lililoitwa KiuFunza katika shule 350 za wilaya kumi za Tanzania. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, ikafikishwa kamili na kwa wakati wake, jambo ambalo siku zile lilikuwa nadra. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku, bali walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Sabini nyingine zilipewa vyote viwili, na zilizosalia zikaachwa kama zilivyokuwa ili ziwe kipimo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikuongeza elimu ya watoto kwa kiasi cha kupimika. Bakshishi peke yake ilileta matokeo ya kuchanganya. Pale vilipowekwa pamoja ndipo watoto walipopanda, tena kwa kiasi kilichozidi jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake.

> Ruzuku ilifika kamili na kwa wakati wake, vitabu vikanunuliwa, na bado mtoto hakujua kusoma kuliko mwenzake asiyepewa.

Liko jingine walilolikuta ambalo mtu wa mtaani hatalistaajabia: shule zilipopata ruzuku, sehemu ya fedha zilizokuwa zikitoka kwingine, zikiwamo za kaya, zilipungua. Baba aliyekuwa akinunua daftari aliona shule imepewa, akazitumia zake kwa haja nyingine. Simlaumu, maana katika nyumba isiyo na akiba haja nyingine haikosekani. Lakini mtoa ruzuku anayedhani kwamba kila shilingi yake ni nyongeza juu ya ilivyokuwa, huyo hesabu yake ina upungufu.

Watetezi wa ruzuku hujibu kwamba jaribio la miaka miwili ni fupi, kwamba ruzuku haina budi kupimwa pia kwa mahudhurio, kwa afya na kwa heshima ya mtoto, na kwamba tundu la choo halifundishi kuzidisha lakini humfanya binti abaki shuleni. Nakubaliana nao. Ila jibu hilo halituondolei swali la nani aisimamie fedha ili ifanye kazi iliyotumwa.

Baraza la kijiji likiingia

Swali hili limepimwa mahali palipo mbali nasi kwa bahari tu, si kwa hali ya maisha. Huko Indonesia, katika majimbo ya Java ya Kati na Yogyakarta, watafiti walifanya kazi na kamati za shule 520. Wengine walipewa ruzuku, wengine mafunzo, wengine walitakiwa wachague kamati yao upya kwa kura, na wengine kamati yao iliunganishwa na baraza la kijiji, yaani wakae pamoja, wapange pamoja na watie sahihi makubaliano ya yale watakayoyafanya kwa ajili ya watoto.

Ruzuku na mafunzo, kila kimoja kikiwa peke yake, havikuwasogeza watoto mbele. Kuunganishwa na baraza la kijiji ndiko kulikoleta nafuu katika somo la lugha, hasa pale ambapo kamati ilikuwa imechaguliwa kwa kura. Ukitafakari utaona sababu: kamati ya shule pekee haina mamlaka juu ya mtu yeyote, ilhali mwenyekiti wa kijiji aweza kuamua kwamba mabanda ya video yafungwe saa za masomo, na aweza kwenda kubisha hodi kwa mzazi ambaye mwanawe haonekani darasani.

Kenya ya magharibi nayo ina funzo. Kuanzia mwaka 2005, shule 140 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba, na kamati ya wazazi ndiyo iliyopewa kazi ya kumwajiri. Katika nusu ya shule hizo wazazi walifundishwa namna ya kumsimamia mwalimu huyo, kuangalia kama anafika na kupima kazi yake kabla ya kuuhuisha mkataba. Katika nusu isiyofundishwa, nafasi za ajira ziliangukia zaidi mikononi mwa jamaa za walimu waliokuwapo shuleni. Katika nusu iliyofundishwa, undugu ulipungua na watoto walinufaika zaidi. Fedha zilikuwa zile zile.

Mtu aliyewahi kukaa katika kamati ya shule yoyote ya mwambao huu atatabasamu asomapo habari ya jamaa za walimu, kwa kuwa wilaya yake nayo ina hadithi zake.

Ikhtilafu ya shilingi kwa shilingi

Hapa ndipo pande mbili zinapotengana kwa kweli, na pande zote mbili zina watu wenye insafu.

Upande wa kwanza wasema mtaa uanze. Ruzuku itolewe kwa shule ambayo majirani zake wamekwisha kuonyesha himma, kwa fedha, kwa kazi ya mikono au kwa mchanga na mawe, maana mtu hulinda alichokitolea jasho. Utaratibu huo sisi twaufuata kila siku kwa jina la maboma: wananchi huinua kuta za darasa hadi usawa wa lenta, kisha serikali hutoa shilingi 12,500,000 kulimalizia, paa, sakafu, milango na madirisha. Hiyo ni ahadi ya Aga Khan katika vazi la halmashauri.

Upande wa pili huuliza: ni mtaa gani huo unaoweza kuanza? Mtaa wenye wafanyabiashara, watumishi wenye mishahara na vijana waliohamia Dar es Salaam wanaotuma fedha kwa simu, utainua boma katika msimu mmoja. Mtaa wa wavuvi wasio na vyombo vyao wenyewe, wa vibarua wa mashamba ya mkonge na wa wajane, utakaa miaka mingi na msingi uliomea nyasi. Kwa hiyo sharti la kutoa kwanza humwongezea aliyenacho, na mkosaji hurudi nyumbani na lawama kwamba hana mwamko.

Mitaa yenye maboma yaliyonyauka ipo, na kila mpita njia aweza kuyaona: kuta za matofali ya saruji zisizopauliwa, mpapai umeota pale ambapo pangekuwa meza ya mwalimu, na jina la darasa limekwisha kuandikwa kwa mkaa na watoto wasio na subira. Wananchi walitimiza sehemu yao, wakangoja. Serikali nayo ilipojenga vyumba 15,000 kwa mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 mwaka 2021, kwa shilingi 20,000,000 kila kimoja, ilijenga bila kungoja mchango wa mtu; watu walishukuru, na wengine wakauliza kwa sauti ya chini kwa nini wao walijisumbua kufyatua matofali.

> Sharti la kutoa kwanza humwongezea aliyenacho, na mkosaji hurudi nyumbani na lawama kwamba hana mwamko.

Mwalimu mmoja mstaafu niliyezungumza naye, mtu wa taratibu aliyefundisha Muheza na Pangani kwa sehemu kubwa ya aushi yake, aliniambia kwamba ubaya hauko katika sharti la mchango, bali katika kuihesabu fedha taslimu peke yake kuwa ndiyo mchango. Mjane hana shilingi 5,000, lakini ana asubuhi mbili kwa juma za kupika uji. Mvuvi hana tofali, lakini ana samaki mwezi wa bamvua. Halmashauri ikikubali kuyaandika hayo kwa thamani yake, mtaa fakiri hautakosa cha kuweka mezani. Hoja hii naiona ina uzito, ingawa afisa mhasibu niliyempelekea alikuna kichwa akaniuliza stakabadhi ya samaki huandikwaje.

Mombasa walivyofanya

Yuko mtangulizi aliyelijibu swali hilo la mchango wa mtaa fakiri kwa kadiri fulani. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliuomba Mfuko wa Aga Khan msaada kwa ajili ya watoto wadogo waliokuwa wakifika darasa la kwanza bila maandalizi. Kazi ilianzia Mombasa chini ya mwalimu Bi Swafiya Said, ikaenea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na hatimaye shule za awali zilizoanzishwa kwa njia hiyo zikapita 200.

Utaratibu wake ulikuwa wa mapatano. Mtaa hutoa mahali, aghalabu chumba cha madrasa ambacho asubuhi kilikuwa kitupu, huunda kamati yake na huchagua wanawake wa hapo hapo wakafunzwe ualimu. Kituo cha madrasa kilichoendesha mpango huo nacho huleta mafunzo, vifaa na mwalimu wa kuwatembelea kwa miaka kadhaa. Kamati hutia sahihi, na kituo hutia sahihi. Vifaa vingi vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifuu, makumbi na visoda.

Shule ilipotimiza viwango ilihitimu, na hapo ndipo penye jambo lililonivutia: ilianzishiwa akiba ya kudumu, mtaa ukichanga sehemu yake na mfadhili akiongeza yake, fedha zote zikawekwa pamoja katika rasilimali na faida ikarudi shuleni kusaidia mishahara. Waliobuni jambo hilo walilielewa wakfu vizuri kuliko wataalamu wengi wa maendeleo niliowasoma.

Haikuwa pepo. Faida ya akiba haikutosha, ada za wazazi zilikuja kwa kusuasua, na walimu wengi waliofunzwa vyema walihamia shule zenye mishahara bora. Lakini mtaa ulijua kiasi cha akiba yake, ulijua nani anaishika, na mwanamke aliyefundisha alikuwa jirani ambaye asingeweza kukosa darasani bila kuulizwa sokoni.

Nani ashike daftari

Kwa upande wa Tanzania mlango wa mapatano kama hayo upo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inatambua kamati ya shule, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Kadhalika uko ushirikiano wa wazazi na walimu, UWaWa, uliopewa nguvu na mradi wa EQUIP uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014, ambapo wazazi wa kila darasa huchagua wawakilishi wao wakae na mwalimu wa darasa hilo. Mradi ule uliwapa pia ruzuku ndogo, na shule zikapata mitaji ya ufugaji na kilimo. Mpango uliofuata, Shule Bora, umeendelea na wazo hilo hilo, na Tanga ni miongoni mwa mikoa yake tisa.

Tatizo la kamati ya shule ni kwamba katibu wake ndiye mtu pekee ajuaye kila kitu. Mwalimu mkuu ndiye asomaye nyaraka, ajuaye siku fedha zilipoingia, aandikaye muhtasari na atiaye sahihi benki pamoja na mwenzake. Wajumbe huitwa kuja kubariki. Wengi wao ni watu waaminifu wasio na zoezi la kusoma taarifa ya benki, na mwaliko hufika jioni kwa mkutano wa asubuhi. Mkaguzi akija hukuta muhtasari umekamilika.

Kwa hiyo naungana na wale wasemao ruzuku ya ushirikiano isipelekwe shuleni peke yake wala mtaani peke yake, bali ifunguliwe kwa funguo mbili: awamu ya kwanza itolewe kwa mpango uliotiwa sahihi na kamati ya shule pamoja na serikali ya mtaa, na awamu ya pili isitoke mpaka matumizi ya kwanza yamesomwa kwa sauti mbele ya wakazi, swali likaulizwa na jibu likaandikwa. Karatasi ya ukutani haitoshi. Wazazi niliowakuta Tanga hupita mbele yake kila siku, na hata hivyo mama wa mihogo hakuweza kuambiwa fedha za mlinzi zilikwenda wapi, kwa sababu karatasi ile ilikuwa ya fedha za serikali tu, na mchango wa mtaa haukuwa na safu.

Hilo la safu ya tatu ni dogo, na halihitaji bajeti. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukutana kila miezi mitatu, na mitaa ya mijini nayo ina mikutano yake. Hesabu za shule zikiingizwa humo kuwa ajenda ya kudumu, za serikali na za wazazi kwa pamoja, litakalohitajika ni mwenyekiti akubali kuziandika na mwalimu mkuu akubali kusimama akaulizwa. Walimu wakuu wawili niliowapelekea shauri hilo walikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Mmoja alisema afadhali aulizwe mara nne kwa mwaka kuliko kusengenywa mwaka mzima.

Litakalobaki ni gumu zaidi, nalo haliwezi kuamuliwa barazani. Shule ya mtaa wa vibarua, hata ikisoma hesabu zake kila Ijumaa, bado itakuwa na kidogo cha kusoma. Halmashauri zina mapato yake ya ndani, wabunge wana mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na vyote viwili hugawanywa leo kwa namna ambayo mtaa wenye sauti hutangulia. Madiwani wakitaka, waweza kuweka kanuni kwamba mtaa uliopimwa kuwa fakiri udaiwe mchango mdogo zaidi na uongezewe ruzuku kubwa zaidi, na kazi ya mikono ihesabiwe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango ya kata hupelekwa halmashauri miezi mingi kabla ya hapo.